Ufuko baada ya dhoruba: namna ya kuufuata, kuusoma na kurudi salama

Alhamisi ya tarehe 9 Mei 2024, alfajiri, nilikuwa Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, viatu mkononi. Siku tano nyuma kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia na kuishiwa nguvu hapo, lakini upepo na mvua yake vilitosha kusimamisha boti za Zanzibar na kuwaweka wavuvi nyumbani. Nilitegemea kukuta uharibifu. Ulikuwepo: mvinje mkubwa ulikuwa umelala mizizi juu, na njia ya kushukia ufukweni ilikuwa imekatwa kama mkate. Lakini mchanga ulikuwa safi hata nikaona haya kuukanyaga, na maji yalikuwa yanarudi polepole yakiacha nyuma yake kioo chenye rangi ya anga.

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ngalawa anaziba wavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umefuata nini saa hizi?"

Nikamwambia nimekuja kuiangalia bahari ilivyotulia. Akacheka. "Bahari ipo hapo siku zote. Leo angalia chini."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo tulivyofundishwa, na mwongozo huu wote ni maelezo ya namna ya kuinama. Watu wengi huja kuona anga na mawimbi, wakapiga picha mbili wakaondoka. Uzuri wenyewe uko kwenye ule mstari wa takataka ambao maji yameuacha, na unadumu siku chache tu.

Kwanza: usiende siku ile ile

Upepo ukikoma, bahari bado haijakoma. Mawimbi makubwa yaliyozaliwa mbali huendelea kufika siku moja au mbili baada ya mvua kukatika, tena huja kwa mafungu: dakika kumi za upole, halafu matatu makubwa yanayofuatana. Hayo matatu ndiyo huwabeba watu waliosimama juu ya mwamba wakijirekodi.

Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ukiwa Kenya vivyo hivyo kwa idara yao. Ila kipimo changu mimi ni ngalawa. Kama ngalawa za kijiji bado zimevutwa juu mchangani na wenyewe wanacheza bao, wewe nawe rudi ukanywe chai. Wakitoka, nawe toka.

Pwani yetu haipati vimbunga kila mwaka, lakini ina historia navyo. Cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na cha 1952 kilipiga Lindi. Vyote viwili vilikuja mwezi wa Aprili, upepo wa kaskazi unapouachia wa kusi nafasi. Hata bila kimbunga, kusi yenyewe ikishika, tangu Aprili hadi Septemba, kuna siku kadhaa kila mwaka za kupindua ufuko mzima. Kwa hiyo usingoje Hidaya nyingine. Kusi ya kawaida inatosha.

Angalia na mambo ya nchi kavu. Usipite chini ya mnazi ambao maji yamekula udongo wa mizizi yake, hata kama bado umesimama. Nyaya za umeme zilizoanguka hazina mjadala. Na maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa karibu na mdomo wa mto, usiingie hata kuosha miguu: mvua imebeba vyoo vya mji mzima. Kwenye midomo ya mito mikubwa kama Rufiji na Sabaki kuna pia viboko, na kiboko hajui kwamba umekuja kupumzika.

Pili: panga safari kwa mwezi

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanafika saa tano asubuhi maji yamejaa hadi kwenye ukuta, wanasema ufuko hauna kitu.

Kuna programu za simu za kupwa na kujaa, ni nzuri, lakini mwezi ukiuangalia unakutosha. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua. Kwa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa karibu na saa nne asubuhi, na hayapwi sana wala hayajai sana.

Sasa piga hesabu. Ukienda bamvua, unapofika saa kumi na mbili alfajiri maji yameanza kushuka saa mbili zilizopita. Una saa nne za kuyafuata yakiteremka, jua likichomoza mbele yako, maana pwani yetu inatazama mashariki. Ukienda maji mafu, jua linachomoza huku bahari inakujia. Asubuhi ile ya Kimbiji mwezi ulikuwa umeandama siku moja tu kabla. Ilikuwa bahati, ila siku hizi naipanga: bamvua ya kwanza baada ya dhoruba, siku ya pili au ya tatu yake.

Kwenye sehemu zenye miamba ya matumbawe iliyosimama kama ukuta, usipite mwamba ukaenda ufuko wa pili bila kujua saa ya kurudi. Bahari ikianza kujaa katika bamvua, inajaa haraka, na njia uliyopitia ukiwa mkavu inakuwa kifuani.

Tatu: cha kubeba

Viatu vinavyofunga kisigino. Raba kuukuu zinafaa kuliko kandambili, kwa sababu mchanga laini humeza kandambili na miiba ya baharini hupenya soli nyembamba. Kijiti cha kugeuzia vitu. Kiroba cha takataka. Maji ya kunywa, kofia, kitambaa kikavu cha kufutia simu. Basi.

Nne: ufuko gani

Chagua usiofagiliwa. Hoteli nyingi hutuma vijana na reki kabla wageni hawajaamka, na kufikia saa mbili mstari wote umezolewa, umebaki mchanga mtupu kama sakafu. Nenda kijijini, au mwisho wa ufuko ambako reki haifiki.

Pia chagua unaotazama bahari kuu. Fukwe zilizojificha nyuma ya visiwa hupata mawimbi madogo na vitu vichache. Kimbiji, upande wa mashariki wa Unguja kuanzia Makunduchi hadi Matemwe, au fukwe ndefu za kusini mwa Mombasa, zote zinapata. Malindi nayo ina mambo yake, ila mvua ikiwa kubwa, mto Sabaki hugeuza bahari yote kuwa kahawia kwa wiki nyingi. Mimi rangi hiyo naipenda, wengine huidai hoteli nauli yao.

Tano: soma mchanga kabla ya kuokota kitu

Ukishuka tu, simama. Utaona mchanga umekatwa wima, ngazi ya kimo cha goti au hata kiuno. Watu huiona wakasema ufuko umekwisha. Haujaisha. Wimbi la dhoruba ni zito: linapanda, linakwangua, linarudi na mchanga na kuutua mbele kidogo chini ya maji, kama tuta. Tuta hilo ndilo huvunja mawimbi yanayofuata, yaani ufuko unajilinda kwa mwili wake mwenyewe. Siku za shwari, mawimbi madogo huurudisha mchanga kidogo kidogo, kwa wiki au miezi. Tena kusi huusukuma kuelekea kaskazini, na kaskazi huurudisha kusini. Aliyejenga ukuta wa zege ili mchanga wake usiondoke humnyima jirani yake wa upande wa pili, na ndiyo maana ukuta mmoja ukijengwa, mwaka unaofuata unaona wa pili.

Chini ya ile ngazi angalia michirizi myeusi. Wengi hudhani ni mafuta ya meli. Chukua kidogo kiganjani, usugue: ni mchanga, mzito kuliko mwenzake. Wimbi limebeba chembe nyepesi na kuziacha nzito. Ukiwa na sumaku ya spika mbovu, ipitishe juu yake kwenye karatasi, utaona baadhi ya chembe zinasimama kama nywele za paka aliyeogopa. Ni mchanga wa aina hiyo, uliorundikana tangu zamani sana, ambao Kwale ulichimbwa kwa ajili ya titani hadi 2024.

Na ule mweupe? Mwingi wake ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na msagaji mmojawapo ni pono. Huyu samaki huguguna matumbawe kwa mdomo wake kama wa kasuku, na kinachotoka nyuma ni unga mweupe. Mkubwa mmoja huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ukiwakuta maharusi wamelala juu ya mchanga huo, usiwaambie.

Sita: mstari wenyewe

Hapa tumia nusu ya muda wako. Tafuta mstari wa juu kabisa, ule wa usiku wa dhoruba, halafu mistari ya chini yake ya siku zilizofuata. Wa juu una vitu vizito na vya mbali. Wa chini una vibichi.

Kitakachojaa macho ni utepe wa kijani na kahawia ambao sote tunauita mwani. Kwa kweli si mwani kama ule unaolimwa Paje na Jambiani. Ni majani ya bahari, yana mizizi na hata maua, na dhoruba imeyang'oa kwenye maji mafupi. Yananuka, sikatai. Lakini yakikaa hushika mchanga usipeperuke, na ndani yake kuna chakula. Piga goti, inua fungu moja taratibu, ngoja. Kwanza vidudu vitaruka kama viroboto. Halafu kaa mdogo atatoka, atakutazama kwa macho yaliyosimama kama vijiti, atarudi. Ukikaa kimya vitwitwi watakuja wenyewe, watakimbia mbele ya wimbi na kudonoa nyuma yake. Ukiyaondoa majani hayo, wote hawa hawaji.

Ndani ya majani utakuta kijiti cha kijani kirefu kama sigara, kichwa kimoja chembamba. Huyo ni mtoto wa mkoko, anaota akiwa bado mtini, kisha anadondoka na kuelea hadi apate tope. Ukiona mfupa mweupe wa umbo la yai refu, mwepesi hata upepo unauzungusha, usidhani ni kipande cha boya: ni wa ngisi, na wafuga ndege huwawekea ndege wao wapate chokaa.

Nikipendacho zaidi ya vyote ni komafi. Tunda la mkomafi ni la kahawia, mviringo kama mpira wa watoto wa mtaani, na likikauka hupasuka. Ndani mna mbegu kubwa zenye pembe, zimepangana bila nafasi hata ya kupitisha kucha. Nilikuta moja lililokuwa limeanza kufunguka, nikazitoa mbegu kuzihesabu, kisha nikataka kuzirudisha. Nilikaa pale juu ya mvinje ulioanguka zaidi ya nusu saa. Kila nikifika ya mwisho haingii, pembe yake inagoma kwa mwenzake, naanza upya. Babu alinipita amebeba wavu begani, akatazama mikono yangu, akasema, "Hata aliyeziumba hazirudishi," akaendelea na safari yake.

Sasa vitu vya mbali. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi huvuka kutoka mashariki kuja magharibi kusini mwa Ikweta, ukagonga pwani karibu na mpaka wetu na Msumbiji, na tawi lake moja hupanda kaskazini kupitia Mafia, Unguja, Pemba hadi Kenya. Kwa hiyo ufuko wetu ni kama kizingiti cha mlango wa bahari yote. Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kiliokotwa Pemba, na Septemba mwaka huohuo ikathibitishwa kuwa ni cha ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea 2014. Na hapo Kimbiji penyewe, Desemba 2004, alitoka baharini kobe mkubwa wa Aldabra, amekonda, miguu imejaa viumbe vyenye magamba vinavyoganda kwenye meli. Aldabra iko zaidi ya kilomita 700. Wataalamu walimhesabu kuwa ushahidi wa kwanza wa uhakika wa kobe wa nchi kavu kuvuka bahari akiwa hai. Tangu niijue habari hiyo, sijawahi kupita Kimbiji bila kutupa jicho kila kitu cheusi kinachoelea.

Wewe pengine utakuta chupa yenye maandishi ya Kiindonesia. Soma kifuniko, piga picha, weka kirobani.

Na ambari? Kila dhoruba ikipita kuna mtu anayetuma picha ya donge la kijivu akiuliza kama ametajirika. Ambari ya kweli hutoka tumboni mwa nyangumi na wazee wetu waliifanyia biashara karne nyingi. Jaribu hili: choma sindano hadi iwe ya moto, ichomeke. Ambari huyeyuka hapo hapo ikatoa uteute mweusi na harufu ya udi iliyochanganyika na zizi. Madonge mengi ni mafuta ya mawese yaliyoganda, au nta. Pole.

Saba: visivyoguswa

Kipulizo kidogo cha buluu, kama puto la mtoto lenye nyuzi ndefu za buluu, ndicho kinachodanganya kuliko vyote kwa sababu ni kizuri. Nyuzi zake huchoma hata kikiwa kimekufa na kukauka. Ukichomwa, toa nyuzi kwa kijiti, osha kwa maji ya bahari, kisha loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama dakika 20. Usisugue kwa mchanga, na huo mkojo wanaoushauri watu uache. Aliyechomwa akipata shida ya kupumua, hospitali.

Konokono wa bahari mwenye umbo la pia, gamba lina madoa kama kitenge, usimweke kiganjani wala mfukoni. Ana mwiba wa sumu, na kuna aina yake kwenye matumbawe yetu inayoweza kuua mtu mzima.

Mawimbi yakila mchanga, mayai ya kasa huachwa wazi. Ni meupe, mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani. Usiyageuze wala kuyahamisha mwenyewe: yai la kasa likigeuzwa, mtoto hufa ndani. Zuia mbwa, weka alama, mwite mtu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, au afisa uvuvi wa kijiji.

Kuhusu magamba ya kome na kete: matupu yaangalie, uyapige picha, uyaache. Najua wengi hamtasikia, basi angalau gamba lenye mkaazi lisibebwe, na asiyejua kuangalia ndani asiokote. Wageni hunyang'anywa kwenye uwanja wa ndege.

Karibu na magofu, kama Kaole huko Bagamoyo au Kilwa Kisiwani, dhoruba hufukua vigae vya rangi ya buluu na nyeupe na shanga za kioo. Vigae hivyo vilitoka China na Uajemi karne nyingi zilizopita, na sheria ya mambo ya kale inavilinda. Tena kigae kikishahama kilipokuwa, aliyesoma historia hawezi tena kukisomea chochote.

Nane: picha, kwa ufupi

Futa kioo cha kamera, maana chumvi ndiyo inayofanya picha zenu ziwe na ukungu. Chuchumaa, shusha simu hadi karibu na mchanga mbichi, elekeza mbali na jua ili anga ya nyuma, ambayo mawingu yake bado mazito, iingie ndani ya kioo cha maji. Baada ya saa moja na nusu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali. Weka simu mfukoni.

Tisa: cha kurudi nacho

Plastiki. Kandambili na yeboyebo utaziokota za mguu mmoja mmoja, sijui mwingine huwa unakwenda wapi. Jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu na kushushwa majini 2018 lilitengenezwa kwa plastiki za namna hiyohiyo, kandambili kama 30,000 zikiwa ubavuni, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Huna haja ya kuunda jahazi. Kiroba kimoja kinatosha.

Lakini si kila kilichotupwa na bahari ni takataka. Dema lililopasuka, boya lenye kamba, kipande cha wavu: hivyo vina mwenyewe, na huyo mwenyewe amepoteza wiki nzima ya kazi. Maboya mengi huwa na alama, herufi iliyochongwa kwa kisu au kitambaa cha rangi kilichofungwa. Nami siku ile nilikuta boya la njano lenye herufi K na mkia wa kamba ya manila. Nililibeba hadi pale kwenye ngalawa, nikamuuliza babu kama analijua. Aliligeuza, akasoma ile K kwa kidole gumba.

"La mkwe wangu," akasema. "Lete na hiyo kamba."